Nani aruhusiwe kufikiri uwanjani?

Sisi watu wa mjini tunaujua ubishi wa mpira. Hakuna kijiwe cha kahawa kisicho na kocha wake asiye na timu, wala daladala isiyo na mtaalamu anayejua kupanga beki ya Simba au ya Yanga kuliko yule anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nilidhani ubishi wa namna hii ni mali yetu peke yetu. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 nikagundua kwamba nilikuwa najidanganya.

Mwezi huo nilikwenda kumwona dada yangu aliyeolewa Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na nguruwe. Siku ya tatu nikaona nywele zimezidi. Shemeji akanipeleka kwa kinyozi Mkongo, mzaliwa wa Uvira, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani. Tukasalimiana kwa Kiswahili, tukaulizana habari za Kasulu, nikaketi kwenye benchi kungoja zamu yangu. Hapo ndipo nilipokuta vita.

Ilikuwa wiki ya watani wa jadi. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kinakwenda kucheza futiboli ya Kimarekani na jirani yake, Iowa State, huko Ames. Mzee mmoja Mzungu, mstaafu wa kiwanda cha matrekta, shabiki wa Iowa tangu utotoni, alikuwa analalamika kwamba timu yake imepoteza uanaume. Zamani, alisema, Iowa ilisimamisha watu wanne mbele, watatu nyuma yao, wanne nyuma kabisa, na kila timu iliyokuja iliondoka inachechemea. Sasa wamemtoa mmoja wa wale watatu wa katikati na kumwingiza beki mwembamba mwenye mbio. Kijana mmoja, mwanafunzi wa Iowa State, akamjibu kwamba hao watatu wanene anaowalilia wangeachwa wamesimama kama nguzo za umeme na washambuliaji wa siku hizi. Basi, pakawaka moto. Shemeji alinitafsiria nusu, nusu nyingine akawa anabishana mwenyewe.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huo, niueleze kwa ufupi. Ni watu 11 kila upande, kama soka letu. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa hukabidhi mpira. Kila jaribio huanza pande mbili zikiwa zimetazamana kwenye mstari, pua kwa pua. Walinzi wanaoinama pale mstarini, majitu yenye uzito wa gunia na nusu, kazi yao ni kusukumana. Walio nyuma kabisa ni mabeki, wenye mbio, kazi yao ni kuzuia pasi ndefu. Katikati ya makundi hayo mawili husimama watu ambao Wamarekani huwaita lainibeki, yaani beki wa nyuma ya mstari.

Ukisikia shabiki wa kule anasema 4-3, anahesabu watu wa mstarini kwanza, kisha malainibeki. Mabeki wa nyuma hujaza hesabu ifike 11. Akisema 4-2-5, lainibeki mmoja ametolewa na beki mmoja ameongezwa. Akisema 3-3-5, amepunguza mtu wa mstarini.

Lainibeki ni kama namba sita wetu, yule anayesimama mbele ya mabeki wa kati na kuusoma mchezo kabla haujachezwa. Mpinzani akikimbia na mpira katikati, lainibeki lazima aingie kuziba tundu. Akitaka kupiga pasi, lazima arudi nyuma kukaba. Na mara nyingine hutumwa kumvamia yule mgawa mipira, kwotabeki, kabla hajautoa mkononi. Mambo hayo matatu yanapingana, naye huwa na chini ya sekunde moja ya kuchagua. Upande wenye mpira unajua utafanya nini. Upande wa ulinzi haujui. Ndiyo maana kwa kawaida lainibeki wa kati ndiye mwenye kupaza sauti kuwapanga wenzake kabla mpira haujaanza. Yeye ndiye ubongo wa ulinzi.

Nikiwa bado nasikiliza, nikamwona mtoto wa kinyozi, kijana wa miaka 16, akifagia nywele sakafuni huku midomo yake inacheza kana kwamba anasali. Alikuwa anahesabu namba zile zile. Baba yake aliponiona namtazama, akainama na mashine yake ya kunyolea karibu na sikio langu, akaniambia kwa Kiswahili, ili wateja wengine wasielewe: "Kaka, huyu anacheza katika sekondari yake. Anataka kuwa lainibeki wa kati. Kocha amemweka pembeni kabisa mwa mstari. Anamwambia: wewe una nguvu na mbio, kimbia tu umkamate mwenye mpira. Maneno ya kupanga wenzako muachie mwingine, Kiingereza chako kizito." Kisha akanyamaza kidogo. "Kaka, mtoto huyu amesoma Marekani tangu darasa la pili."

Maneno hayo sikuyaacha saluni. Nilirudi nayo nyumbani, nikaanza kuitafuta historia ya huyo mtu wa nyuma ya mstari. Niliyoyakuta ndiyo nawaletea leo.

Mechi ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton, watu 25 kila upande, na ilifanana zaidi na soka ya vurugu kuliko mchezo wa leo. Mwaka 1880 Walter Camp wa Chuo cha Yale alifanikiwa kupunguza wachezaji wawe 11 na kuweka ule mstari wa kutazamana. Miaka miwili baadaye ukaja utaratibu wa majaribio, matatu kwa yadi 5. Kwa kuwa yadi 5 si mbali, na kwa kuwa kurusha mpira mbele kulikatazwa, hapakuwa na haja ya akili nyingi. Watu walishikana, wakajikusanya kama kundi la nyati, wakasukumana. Walinzi nao waliwekwa saba au zaidi mstarini. Kulinda maana yake ilikuwa kuwa ukuta.

Ukuta huo uliua watu. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji, wengi wao vijana wa shule na vyuo, vilihesabiwa na magazeti hadi takriban 18 kwa msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Mwaka 1906 sheria zikabadilishwa: pasi ya kurushwa mbele ikaruhusiwa, na umbali wa kusogea ukawa yadi 10. Mwaka 1912 majaribio yakawa manne, ndiyo hesabu iliyopo hadi leo.

Hapo ndipo akili ilipopata nafasi. Mpira ukiweza kuruka juu ya ukuta, ukuta peke yake hautoshi. Lazima pawe na mtu wa kusimama hatua chache nyuma, atazame, aamue. Wengi humtaja Adolph Schulz, jitu la miraba minne lililochezea Michigan kati ya 1904 na 1908, kuwa ndiye lainibeki wa kwanza. Inasimuliwa kwamba siku moja aliacha nafasi yake mstarini, akarudi nyuma, na kocha wake Fielding Yost akaja juu kwa hasira. Schulz akamweleza kwamba akiwa pale nyuma hapitwi na mtu. Yost akamwacha aonje, na hakumrudisha tena. Mwaka 1951, Schulz alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo.

Tafakarini, ndugu wasikilizaji. Nafasi ile haikubuniwa na kocha. Ilibuniwa na mchezaji aliyekataa kuwa tofali.

Tangu hapo historia ya ulinzi ni historia ya kuwatoa watu mstarini mmoja mmoja. Saba wakawa sita, lainibeki mmoja akawa wawili. Bud Wilkinson wa Oklahoma aliweka watano mstarini na malainibeki wawili, na timu yake ikashinda mechi 47 mfululizo kati ya 1953 na 1957, rekodi ambayo haijavunjwa katika ngazi ya juu ya vyuo. Kisha ukaenea mfumo wa 4-3, wenye lainibeki mmoja katikati kama jemadari na wawili ubavuni.

Sheria ya kubadili wachezaji nayo ilisaidia. Zamani mtu aliyeanza kushambulia ndiye huyo huyo aliyerudi kulinda. Mwaka 1941 milango ililegezwa, na mwaka 1945 kocha Fritz Crisler wa Michigan, akiwa na vijana wadogo dhidi ya timu ya chuo cha jeshi iliyokuwa haishikiki, akaigawa timu yake kundi la kushambulia na kundi la kulinda. Alifungwa 28 kwa 7, lakini wazo lake likabaki. Sheria ilibanwa tena mwaka 1953, ikaja kufunguliwa kabisa katikati ya miaka ya 1960. Ndiyo maana Dick Butkus wa Illinois, ambaye tuzo ya lainibeki bora wa vyuo imepewa jina lake tangu 1985, alicheza miaka yake ya chuo, 1962 hadi 1964, pande zote mbili. Waliomfuata wakawa mafundi wa kazi moja tu: kusoma na kuamua.

Sasa nafika mahali ambapo wabishi wa saluni hawakufika. Kazi ya kusoma na kuamua alipewa nani?

Vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani havikuwachezesha kabisa vijana weusi kwa miongo mingi. Katika shirikisho la vyuo vya kusini-mashariki, lenye kina Alabama na Tennessee, mweusi wa kwanza kuingia uwanjani katika futiboli alikuwa Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967. Vyuo vya Kaskazini viliwachukua wachache, na hata huko, kama katika futiboli ya kulipwa, palikuwa na desturi isiyoandikwa popote: mweusi akimbie, mweupe afikiri. Weusi waliwekwa pembeni, penye mbio. Nafasi za katikati, yaani kwotabeki, mtu wa kati mstarini na lainibeki, zilihifadhiwa. Mwaka 1970 wasomi wawili, John Loy na Joseph McElvogue, walihesabu wachezaji wa ligi za kulipwa nafasi kwa nafasi, wakaonyesha kwamba kadiri nafasi ilivyokuwa katikati na yenye kuongoza wengine, ndivyo weusi walivyokuwa wachache.

Mtazameni Bobby Bell wa Shelby, North Carolina. Alikuwa kwotabeki hodari katika sekondari ya watu weusi. Vyuo vikubwa vya jimbo lake vilikuwa vimemfungia mlango, akaenda mbali, Minnesota, kwenye baridi. Huko wakambadilisha akawa mtu wa mstarini, na mwaka 1962 akashinda tuzo ya taifa ya watu wa mstarini. Baadaye katika ligi ya kulipwa, Kansas City, ndipo alipokuwa lainibeki wa ubavuni, mmoja wa bora kupata kuonekana. Macho ya kwotabeki hayakumtoka kamwe.

Kisa cha Willie Lanier ndicho kilichonikalisha kitako. Lanier alitoka Richmond, Virginia, akasoma Morgan State kule Baltimore, chuo cha watu weusi. Huko hapakuwa na swali la rangi katika kupanga timu, na kocha Earl Banks akamweka pale alipostahili, lainibeki wa kati. Mwaka 1967 Kansas City walisajili malainibeki wawili katika raundi ile ile ya pili. Mmoja alikuwa Jim Lynch, Mzungu, nahodha wa Notre Dame iliyotangazwa bingwa wa taifa mwaka 1966, mwenye tuzo mkononi, aliyechaguliwa kabla ya mwenzake. Wa pili alikuwa Lanier, kutoka chuo ambacho magazeti makubwa hayakukiandika. Kiti cha katikati kilikuwa kimoja.

Kocha Hank Stram akawashindanisha, akampa Lanier. Lynch akahamia ubavuni. Hivyo Lanier akawa mweusi wa kwanza kutamba kama lainibeki wa kati katika futiboli ya kulipwa. Mwaka huo huo wa kwanza aliumia kichwa, akaanguka uwanjani. Aliporudi alibadili namna yake ya kukaba, akavaa helmeti iliyoongezewa pedi. Tarehe 11 Januari 1970 Kansas City waliifunga Minnesota 23 kwa 7 katika fainali ya Super Bowl, na Lanier akanasa pasi ya mpinzani. Yeye na Lynch walicheza ubavu kwa ubavu hadi 1977. Aliyeshindwa nafasi hakununa, na aliyeipata hakumdharau mwenzake. Mwaka 1986 Lanier aliingizwa katika jumba la heshima.

Kule Kusini nako ukuta ulianza kupata nyufa. Jackie Walker, lainibeki wa Tennessee, alichaguliwa katika kikosi bora cha taifa mwaka 1970, mweusi wa kwanza wa shirikisho lile kupata heshima hiyo, na mwaka 1971 akawa nahodha. Ilikuwa miaka minne tu tangu Northington akanyage uwanja. Na mwone mlango ulipofunguka: kwenye nafasi ya lainibeki, ile ya kupaza sauti.

Naomba niseme jambo langu binafsi. Nilipoanza kazi ya redio, mkubwa wangu mmoja aliniambia nikimbilie viwanjani kuleta matokeo ya mechi, lakini nisisogelee kipaza sauti, kwa kuwa lafudhi yangu ya bara ilikuwa nzito. Miguu yangu ilifaa, sauti yangu haikufaa. Huenda alikuwa na haki, lafudhi ilikuwa nzito kweli. Lakini hadi leo sijui kama alinisikiliza kwanza au aliamua kwa kuuliza nilikotoka. Kwa hiyo kinyozi aliponinong'oneza habari ya mwanawe, sikuhitaji tafsiri.

Turudi sasa kwa wabishi wetu, maana nao walikuwa na hoja. Mzee wa matrekta alikuwa na haki kwamba Iowa, kuanzia msimu wa 2018, walimtoa lainibeki wa tatu mara nyingi na kumweka beki wa ziada. Sababu ni kwamba washambuliaji wa siku hizi hutawanyika uwanja mzima, watu wanne au watano pembeni, na lainibeki mzito akitumwa kumkaba winga mwenye mbio ni sawa na kumtuma ng'ombe kumfukuza paa. Kijana naye alikuwa na haki juu ya chuo chake. Tarehe 7 Oktoba 2017 Iowa State walikwenda Oklahoma, timu ya tatu kwa ubora nchini, wakiwa na watu watatu tu mstarini na mabeki watano nyuma, wakashinda 38 kwa 31. Na siku hiyo lainibeki wao Joel Lanning, ambaye zamani alikuwa kwotabeki, alicheza nafasi zote mbili katika mechi moja.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mabishano yale yote ya nne-tatu na tatu-tatu yalikuwa yanauliza idadi: wangapi wasimame katikati? Idadi hubadilika. Lainibeki walikuwa hakuna, wakawa mmoja, wawili, watatu, wanne, na sasa wanapungua tena. Wakibaki wawili badala ya watatu, kila mmoja ana eneo kubwa zaidi la kusoma na kosa lake lina gharama zaidi. Ndiyo kusema kwamba swali la nani aaminiwe pale katikati linazidi kuwa zito.

Mechi ile ya Ames ilichezwa tarehe 14 Septemba 2019. Radi na mvua viliisimamisha mara mbili, watu wakalowa. Iowa wakashinda 18 kwa 17. Mzee alicheka, kijana alinuna, kama ilivyo desturi ya watani popote duniani.

Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani wakati msimu wa shule za sekondari ulipokwisha. Nilimpigia simu kinyozi kumuuliza habari za mwanawe. Akanieleza kwamba mtoto alibaki pembeni karibu msimu mzima. Lakini alikuwa amekariri maneno yote ya kupanga ulinzi, ya nafasi zote 11, akiyarudia usiku anapofagia saluni. Mwishoni mwa Oktoba lainibeki wa kati aliumia goti. Kocha akatazama benchi, hakuona mwingine anayeyajua yale maneno. Akamsogeza mtoto wa Uvira katikati kwa mechi mbili za mwisho.

"Kaka," kinyozi akaniambia, "nilikaa juu kabisa jukwaani. Sikumwona vizuri, lakini nilimsikia. Anapaza sauti, na Wazungu wakubwa wale wanahama mmoja kwenda kushoto, mwingine kwenda kulia, kama alivyosema. Wote walimwelewa."

Nikampongeza, nikasema Mungu ni mkubwa. Kinyozi akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Lakini yule mwenzake asingeumia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.